Mwongozo Kamili: Kutengeneza Vito Ukiwa na Ajira, Familia na Matembezi ya Vuli

Wanaoniambia kwamba wameshindwa kumaliza vito vyao hunisimulia kisa kilekile. Kuna kopo kabatini lenye mikufu mitatu iliyofika nusu. Shanga za ukubwa mbalimbali zimechanganyika, uzi umejisokota. Mara ya mwisho kushika sindano ilikuwa kabla ya wikendi ya matembezi. Ikafuata wiki ya kazi nyingi ofisini, kisha mtoto akaugua, na sasa mwenyewe hakumbuki safu ya 12 ilianza na rangi gani. Anaamua kuanza kitu kipya. Kopo linapokea mkufu wa nne.

Wengi hudhani wamekosa muda. Muda ni mchache, sikatai. Lakini nimewaona watu wenye dakika 40 kwa siku wakimaliza jozi ya hereni kila wiki, na wengine wenye Jumamosi nzima wakashindwa kumaliza bangili. Anayemaliza anajua, kabla hajaketi, ni wapi atasimamisha mkono bila kuharibu kitu. Asiyemaliza husimama popote alipoitwa.

Sehemu hizo za kusimamia naziita vituo. Karibu kila hatua iliyomo humu inahusu namna ya kuvipanga, ili kazi ya ajira, nyumba na safari za vuli (hapa, majira ya majani kupukutika katika nchi za baridi) za kwenda kutazama majani yanayogeuka rangi visikukute katikati ya fundo.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Usianze kabla hivi havijakaa pamoja mahali pamoja. Kutafuta koleo kwa dakika kumi ni kupoteza nusu ya nafasi uliyoipata.

- Sinia lenye kingo za sm 2 hadi 3, na kifuniko chake au sinia la pili la kulifunika. Hili ndilo meza yako. Liwe dogo kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja.
- Kitambaa chenye manyoya mafupi, kama velveti, cha kutandika ndani ya sinia. Juu yake shanga hazibingiriki, na sindano huzichota kwa urahisi.
- Makoleo matatu: la mdomo bapa, la mdomo wa duara na la kukatia waya.
- Tupa ndogo laini au msasa, kwa ajili ya ncha za waya.
- Mifuko midogo ya zipu isiyopungua 10, na kalamu ya wino usiofutika.
- Kadi ngumu za ukubwa wa kiganja.
- Vibanio viwili vidogo, au selotepu, vya kushika ncha ya uzi au waya ambao haujafungwa.
- Taa ya mwanga mweupe unaokaribia ule wa mchana. Kwenye boksi la balbu tafuta 5000K hadi 6500K.
- Utepe wa kupimia na rula.
- Sumaku moja kubwa ya kuokotea sindano zilizoanguka sakafuni.
- Saa ya kengele.

Kadi na kalamu ndivyo watu huviruka. Ningekuwa na ruhusa ya kukulazimisha ununue kitu kimoja tu katika orodha hii, kingekuwa kadi.

## Hatua ya 1: Pima wiki yako kabla ya kutunga chochote

Kwa siku saba ishi kama kawaida. Kila unapopata nafasi ya dakika 15 au zaidi ambapo mikono yako iko huru, mwanga upo na hakuna anayekuhitaji, iandike. Andika pia kama ulikuwa macho au umechoka.

Tunafanya hivi kwa sababu watu hupanga kwa kutazama wiki wanayoitamani. Wiki ya kweli ina foleni, kikao kilichorefuka na vyombo vya kuosha.

Mwisho wa juma utaona nafasi za aina tatu: fupi za dakika 15 hadi 20, za kati za dakika 40 hadi saa moja, na ndefu za saa mbili au zaidi. Majira ya majani kupukutika hubadilisha hesabu hii kwa namna ambayo wengi hawaitazamii. Nafasi ndefu za wikendi huliwa na matembezi, kwa kuwa hali ya hewa nzuri haikai na majani hayasubiri. Papo hapo jua linatua mapema, watu wanarudi ndani mapema, na nafasi za kati za jioni zinaongezeka. Kwa hiyo panga kazi za vuli kwa nafasi za kati. Anayesubiri Jumamosi ifike ataisubiri mpaka miti ibaki mitupu.

Onyo: usihesabu muda wa usingizi. Mkono uliochoka hukaza uzi kupita kiasi, hukata waya mfupi, na ndio mkono unaojichoma.

Umefaulu ukiwa na namba halisi kwenye karatasi, hata kama ni ndogo. Nafasi nne za dakika 40 kwa wiki zinatosha kabisa.

## Hatua ya 2: Chagua kazi moja inayotoshea namba hiyo

Moja. Kazi ya pili haianzi mpaka ya kwanza ivaliwe.

Hesabu shanga kabla ya kujiahidi. Katika shanga ndogo, namba kubwa ina maana ya ushanga mdogo: 6/0 ina upana wa takriban mm 4, 8/0 karibu mm 3, 11/0 karibu mm 2, na 15/0 karibu mm 1.5. Sasa linganisha. Bangili ya sm 18 yenye mstari mmoja wa shanga za mm 6 huhitaji shanga 30 tu. Bangili ya urefu huohuo iliyofumwa kwa 11/0, yenye upana wa shanga 10, hupita shanga 1,000. Picha mbili zinaweza kuvutia sawasawa, lakini ya kwanza ni ya jioni moja na ya pili ni ya wiki kadhaa.

Kwa mtu anayerudi baada ya kushindwa, ushauri wangu ni hereni nyepesi au bangili ya mstari mmoja. Nina msimamo kuhusu hili. Kitu cha kwanza kukamilika kina thamani kuliko kitu kizuri zaidi kilichobaki kwenye kopo, kwa kuwa mkono hujifunza kumalizia kwa kumalizia tu, na kumalizia ndiko kwenye ufundi mgumu: kubana, kufunga, kukata ncha.

Fikiria pia msimu. Wakati wa sweta na skafu, hereni ndefu zenye pembe hunasa kwenye nyuzi za sufu. Tengeneza fupi na laini, na uweke vizuizi vya mpira nyuma ya kulabu. Kama atakayevaa ngozi yake huwashwa na vyuma vya bei nafuu, mara nyingi chanzo ni nikeli, hivyo nunua kulabu zilizoandikwa kwamba hazina nikeli.

## Hatua ya 3: Gawa kazi kwa vituo

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa.

Chukua kazi yako na uigawe kwa sehemu ambazo kila moja inaishia mahali salama. Mahali salama ni pale ambapo unaweza kuacha kitu kwa siku kumi, kikabebwa na mtu mwingine, na ukakikuta vilevile. Halafu weka alama kwenye sehemu ambazo haziwezi kukatizwa. Hizo zinahitaji nafasi yake maalumu, na mara nyingi ni fupi kuliko unavyodhani.

Bangili au mkufu wa kutunga kwenye waya laini

Kituo cha kwanza ni kupima. Pima kifundo cha mkono, ongeza sm 1.5 hadi 2, andika kwenye kadi. Kituo cha pili ni kupanga shanga zote kwenye sinia kwa mpangilio wa mwisho, pamoja na kifungio, na kupiga picha. Cha tatu ni kutunga. Kabla ya kuingiza ushanga wa kwanza, shika ncha ya pili ya waya kwa kibanio. Ukisahau, utatunga shanga 28, mtoto atakuita, utanyanyua mkono, na zote 28 zitakuwa sakafuni. Acha waya wa ziada usiopungua sm 5 kila upande.

Cha nne ni kubana na kufunga. Hiki hakikatizwi. Unapitisha waya kwenye kibano kidogo cha chuma (kijineli kinachobanwa ili kishike waya), kwenye kifungio, unaurudisha ndani ya kibano na shanga mbili au tatu, unavuta mpaka pengo libaki dogo sana, kisha unabana kwa koleo. Dakika 10 zinatosha, lakini ziwe dakika 10 zisizo na simu. Usivute mpaka waya ukakamae: bangili isiyo na nafasi hata ndogo hujipinda na hukatikia kwenye kibano.

Kazi ya kufuma kwa sindano

Kituo ni mwisho wa safu, basi. Ukifika hapo pitisha sindano kurudi ndani ya shanga mbili au tatu ili mvuto wa uzi usilegee, choma sindano kwenye kitambaa cha sinia, bana uzi kwa kibanio. Andika kwenye kadi: safu ya ngapi imekwisha, inayofuata inaanza na rangi gani, sindano inaelekea upande gani. Mistari mitatu tu. Mtu husema atakumbuka, nami nilikuwa nasema hivyo, mpaka nilipofumua safu tisa kwa sababu ya kosa la ushanga mmoja ambalo kadi ingelizuia.

Usisimame uzi ukiwa umebaki mfupi. Ukibakiza kama sm 15, badilisha uzi kwanza. Ukirudi na haraka utajaribu kuutumia huo mfupi, na fundo halitashika.

Kazi ya waya

Waya ukikunjwa na kunyooshwa tena na tena huwa mgumu, kisha huvunjika. Ndiyo maana hakuna kituo katikati ya kitanzi. Ukianza kukunja kitanzi, kimalize hadi kukata ncha na kuipitisha tupa. Kituo ni baada ya kila kipande: kulabu moja, kitanzi kimoja. Kwa kulabu za hereni waya wa mm 0.8 unafaa. Ncha inayoingia sikioni ilainishwe mpaka usiisikie ukiipitisha juu ya mdomo wako.

Vipete vya kuungia vifunguliwe kwa kusogeza ncha moja mbele na nyingine nyuma. Kuvitanua kwa pembeni huharibu mduara, na havifungi tena sawasawa.

Gundi na rezini

Rezini ya epoksi, yaani kimiminika cha sehemu mbili kinachoganda kuwa kama kioo, ikishachanganywa haikungoji. Muda wa kuimimina umeandikwa kwenye chupa, na huanza kuhesabiwa pale sehemu mbili zinapokutana. Kisha inahitaji kutulia bila kuguswa, kwa kawaida saa 24 hadi 72 kulingana na aina yake.

Watu huliona jambo hili kama kikwazo. Mimi naliona kama zawadi kwa mtu mwenye familia. Mimina rezini usiku wa kuamkia matembezi. Wakati nyinyi mko msituni mnakanyaga majani, kazi inaendelea nyumbani bila mikono yako, na hakuna mtu ndani wa kuinua kifuniko. Gundi ya kushikiza mawe kwenye vitako vyake iendeshwe hivyohivyo.

Onyo la rezini wakati wa vuli: baridi inawafanya watu wafunge madirisha, na rezini inahitaji hewa. Fungua dirisha, vaa glavu za nitrile, wala usiifanyie kwenye meza ya kulia chakula. Chumba chenye baridi pia huifanya iwe nzito, ishike mapovu na ichelewe kukauka. Joto la nyuzi 20 hadi 25 ndilo linaloifaa.

Dalili kwamba hatua hii imekaa sawa: ukichukua kadi yako na kumsomea mtu asiyejua kutunga shanga, anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali utakapoanzia.

## Hatua ya 4: Tengeneza meza inayofungika

Kazi yote ikae ndani ya sinia moja lenye kifuniko. Lengo ni kuanza ndani ya dakika mbili na kufunga ndani ya dakika mbili. Jipime kwa saa. Ukizidisha dakika tano, umejaza vitu visivyohusu kazi ya sasa. Viondoe.

Kila rangi iwe na mfuko wake wenye jina na ukubwa. Mwaga kiasi kidogo tu kwenye kitambaa, kama kijiko kimoja cha chai kwa rangi. Ukimwaga zote, kukusanya kutachukua muda mrefu kuliko kutunga.

Kama kuna watoto nyumbani, soma aya hii mara mbili. Shanga na vifungio vidogo humkaba mtoto aliye chini ya miaka 3. Vifungio vya sumaku ni hatari zaidi: mtoto akimeza sumaku mbili au zaidi, zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Ukihisi amemeza, mpeleke hospitali mara moja bila kungoja dalili. Nyumbani kwangu vifungio vya sumaku havikanyagi.

Hesabu sindano unapoanza na unapofunga. Ikikosekana, pitisha sumaku sakafuni kabla mtu hajapita peku.

Kuhusu macho: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Tumia pumziko hilohilo kushusha mabega na kunyoosha vidole. Kufuma shanga za 15/0 saa moja bila kunyanyuka kutakulipa maumivu ya shingo kesho yake kazini.

## Hatua ya 5: Kubaliana na watu wa nyumbani

Ratiba iliyoko kichwani mwako haijulikani na mtu mwingine. Mwenzako akikukatiza, hajakukosea, kwa kuwa hakuambiwa.

Mwambie mambo matatu: siku gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na ni kitu gani kinaruhusiwa kukukatiza. "Jumanne na Alhamisi, watoto wakishalala, dakika 40. Mtu akiumia niite. Rimoti ikipotea mtaitafuta." Kisha uliza yeye anahitaji muda gani wake mwenyewe, nawe uulinde kama unavyotaka wako ulindwe. Bila sehemu hii ya pili makubaliano hayadumu wiki mbili. Nimeyaona yakivunjika kwenye nyumba za watu wanaopendana sana.

Weka kengele ilie dakika 5 kabla ya muda kwisha. Ikilia, nenda kwenye kituo kilicho karibu na ufunge. Usiseme "safu moja tu." Watu wa nyumbani huamini ratiba yako kwa kuona unavyomaliza. Ukimaliza ulipoahidi mara tatu mfululizo, mara ya nne watakulindia mlango wao wenyewe.

Watoto wanaweza kushiriki, ila hesabu saa hiyo kuwa ni saa ya mtoto. Aliyezidi miaka 6 hivi anaweza kutenganisha rangi, kuhesabu shanga na kutunga zile kubwa za mm 8 kwenye uzi mnene. Usimpe kazi yako halisi aisogeze mbele kisha ukamfokea kwa kukosea. Mpe bangili yake, na vituo vyake.

Ukifaulu hapa, mtu wa nyumbani ndiye atakayekuuliza, "Leo si Alhamisi?"

## Hatua ya 6: Tumia mapumziko ya kazini kwa mambo madogo tu

Sipendekezi kufuma ofisini. Sindano zinaanguka, shanga zinaingia kwenye mazulia, na akili haitoki kazini ikarudi kwa dakika 15 bila gharama.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo saa ya chakula cha mchana inalifaa kuliko jioni yako: kuchagua rangi. Wakati wa vuli unarudi nyumbani giza limeingia, na chini ya balbu ya njano, nyeusi na buluu nzito hufanana, nyeupe na malai hufanana. Beba mifuko mitano ya shanga bila kuifungua, isogeze dirishani mchana, panga nani akae kando ya nani, piga picha, andika kwenye kadi. Jioni unafuata kadi tu.

Unaweza pia kuchora mpangilio kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa kila ushanga. Yatosha.

## Hatua ya 7: Acha matembezi yalishe kazi, usipeleke kazi matembezini

Kila mwaka mtu ananiuliza jinsi ya kutunga shanga garini. Jibu langu ni usifanye. Gari likifunga breki ghafla, sindano iko mkononi na uso uko mbele yake. Kutazama vitu vidogo ndani ya gari linalotikisika huwachafua wengi roho. Isitoshe, watu uliotoka nao wanaona utosi wako badala ya uso wako.

Kwenye matembezi kazi yako ni kukusanya. Beba mfuko mmoja wa karatasi, daftari la zamani la kubania majani, na simu.

Rangi. Piga picha za karibu za jani moja, siyo mlima mzima. Jani moja linalogeuka huwa na rangi nne au tano zilizokwisha kupangwa: kijani kwenye mishipa, njano pembeni yake, chungwa, kisha wekundu kwenye kingo. Tazama pia kiasi. Wekundu huo mara nyingi ni mwembamba, na ndiyo maana unapendeza. Ukiiga uwiano huo katika shanga, usiweke kila rangi sawa kwa sawa.

Majani ya kuweka ndani ya rezini. Chagua madogo, yaliyodondoka karibuni, makavu kwa nje na yasiyo na madoa. Yabane siku hiyohiyo kati ya karatasi zinazonyonya maji, chini ya vitabu vizito. Badilisha karatasi kila baada ya siku mbili au tatu katika wiki ya kwanza, kisha uache yafikishe wiki mbili hadi tatu. Jani lenye unyevu ndani ya rezini hutoa mapovu na kugeuka kahawia, na hapo hakuna dawa. Liko tayari likiwa linatoa sauti kavu ukiligusa na halihisi ubaridi kwenye shavu. Hata lililokaushwa vizuri, wekundu wake hufifia likikaa juani, basi mwambie atakayevaa alihifadhi gizani.

Mbegu za mwaloni na mbegu nyingine ngumu. Ndani ya mbegu za mwaloni mara nyingi kuna funza wa fukusi. Usizihifadhi jinsi zilivyo. Tupa zenye matundu, kisha zitandaze kwenye trei ndani ya oveni ya nyuzi 80 hadi 90 kwa saa moja hadi mbili, ukizigeuza, na usiondoke jikoni. Ziache zipoe kabisa. Unapozitoboa, zishike kwenye jiliwa. Usizishike kwa vidole, kwa kuwa huteleza na keekee haisamehi.

Onyo kubwa: usitoboe mbegu usiyoijua. Zile ndogo nyekundu zinazong'aa zenye doa jeusi, ambazo watu hupenda kuzitunga, zina sumu kali iitwayo abrini. Mbegu za mbarika zenye marumaru nzuri zina risini. Ganda likivunjwa au kutobolewa, sumu inapata njia ya kutoka. Ziache zilipo, na mwoshe watoto mikono kama wamezigusa.

Kabla ya kuokota chochote, soma bango la mahali penyewe. Hifadhi nyingi haziruhusu kutoka na mbegu wala majani, na hapo picha itakutosha.

Matembezi yamekwenda vizuri ukirudi na mfuko mwepesi, picha tatu unazozipenda kweli, na watu wako wakiwa wanakumbuka mlichozungumza njiani.

## Hatua ya 8: Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kukabidhi

Wengi hutengeneza vito vya vuli kwa ajili ya zawadi za mwisho wa mwaka. Andika siku ya kukabidhi juu ya kadi. Toa wiki moja kwa ajili ya majaribio. Toa siku za kukausha rezini au gundi. Toa kila wikendi yenye matembezi, nzima, hata kama unadhani utapata saa mbili usiku. Zilizobaki, zigawe kwa vituo vyako.

Vituo vikizidi nafasi, punguza kazi leo. Mkufu uwe bangili, hereni tano ziwe tatu. Kuongeza usiku wa manane ndiko kulikokupeleka kwenye kopo.

Wiki ya majaribio usiifute. Vaa kitu chenyewe nyumbani kwa siku mbili za kawaida: osha vyombo, vaa sweta, vua sweta. Vuta kifungio kwa nguvu kiasi cha mtoto kuvuta mkono. Pitisha kitambaa cha soksi nyembamba juu ya kila ncha ya waya, na pale kinaponasa, rudisha tupa. Bangili ikikatika ikiwa mkononi mwako, umepoteza jioni moja. Ikikatika kwa aliyepewa, hatakwambia, ataiweka tu kwenye droo.

Fedha ihifadhi kwenye mfuko wa zipu uliokamuliwa hewa, mbali na mpira na sufu, kwa kuwa salfa ndiyo inayoitia weusi.

## Ukikwama

Umekaa wiki tatu bila kugusa sinia. Usianze kutunga. Tumia nafasi ya kwanza kusoma kadi, kuhesabu safu na kuhakikisha mvuto wa uzi. Nafasi ya pili ndiyo ya kuendelea.

Kadi haipo na hukumbuki mpangilio. Piga picha ya kilichopo, ikuze, ihesabu kwenye karatasi ya miraba. Ikishindikana baada ya nafasi mbili, kata uzi na urudishe shanga kwenye mifuko yake. Shanga hazijapotea.

Lile kopo la zamani. Mimina vyote mezani mchana mmoja. Chagua kimoja kilichokaribia mwisho zaidi, hata kama si kizuri kuliko vyote, na ukiandikie kadi. Vingine vikate, tenganisha kwa ukubwa, weka majina. Hicho kimoja ndicho kinachoingia kwenye sinia Jumanne.